Pembe ya Daraja: Jinsi Umbo la Molekuli Linavyoamua Usumaku wa Nikeli

Nikeli asetilasetonati ni unga wa kijani unaojulikana katika maabara nyingi za kemia. Fomula yake huandikwa kwa ufupi Ni(acac)₂, yaani nikeli moja na ligandi mbili (ligandi ni molekuli au ioni inayoishika metali). Uwiano huo ni sahihi, lakini unaficha jambo kubwa. Mwaka 1965 Bullen, Mason na Peter Pauling (mwana wa Linus) walichapisha muundo wa fuwele zake kwa kutumia eksirei, na molekuli waliyoiona ilikuwa na nikeli tatu zilizojipanga katika mstari, zikishikanishwa na atomi za oksijeni. Mwaka 1968 Ginsberg, Martin na Sherwood wakapima usumaku wake huku wakiipoza hadi karibu na jotoridi la heliamu kimiminika. Usumaku wa kila nikeli uliongezeka kadiri baridi ilivyozidi, kutoka magnetoni za Bohr (kipimo cha usumaku wa atomi) 3.2 hivi kwenye kelvini 80 hadi 4.1 kwenye kelvini 4.3. Elektroni sita pweke, yaani zisizo na jozi, mbili kutoka kila nikeli, zilikuwa zimeelekea upande mmoja.

Sasa ondoa vikundi vya methili kwenye ncha za ligandi hiyo, uweke vya tert-butili vilivyo vinene zaidi. Molekuli hazipati tena nafasi ya kusogeleana. Kila nikeli hubaki peke yake na majirani wanne katika mraba bapa, rangi inageuka kuwa nyekundu, na usumaku unatoweka kabisa. Hakuna elektroni iliyoongezwa kwenye nikeli wala iliyoondolewa. Kilichobadilika ni umbo. Ndiyo maana anayetaka kuelewa usumaku wa kampaundi zenye nikeli nyingi namshauri asianze kwa kuhesabu nikeli. Atazame kwanza zimekaaje, na zaidi ya yote atazame pembe inayofanyika pale nikeli mbili zinapokutana kwenye atomi moja ya daraja.

Nikeli moja kwanza

Ioni ya Ni²⁺ ina elektroni nane katika obitali (makazi ya elektroni) tano zinazoitwa za d. Ikizungukwa na majirani sita, wanne mlalo, mmoja juu na mmoja chini, obitali hizo hugawanyika makundi mawili. Tatu hupita katikati ya majirani na nishati yake ni ndogo. Mbili huwaelekea majirani moja kwa moja na nishati yake ni kubwa. Elektroni sita hujaza zile tatu za chini. Mbili zinazosalia hukaa moja moja katika zile za juu, na kwa kanuni ya Hund spini zao, yaani sumaku ndogo ambayo kila elektroni inayo, huelekea upande mmoja, hivyo spini ya ioni nzima ni 1. Hesabu ya spini tupu inatoa magnetoni 2.83, lakini vipimo halisi kwa kawaida huangukia kati ya 2.9 na 3.3, kwa sababu mwendo wa elektroni katika obitali nao huchangia kidogo.

Katika mraba bapa, moja ya zile obitali mbili za juu hupanda sana kiasi kwamba elektroni zote mbili huona nafuu kukaa pamoja katika nyingine. Zikishafanya jozi, usumaku umekwisha. Kuna pia umbo la tetrahedroni, la majirani wanne wasio katika bapa moja, kama katika ioni ya buluu [NiCl₄]²⁻, ambalo hubaki na spini 1 na mchango mkubwa zaidi wa obitali, lakini katika kampaundi zenye madaraja si la kawaida, nami sitalirudia.

Kitu cha kushika hapa ni makazi ya zile elektroni mbili pweke. Zinakaa katika obitali zinazotazama ligandi uso kwa uso. Kwa hiyo ligandi inayoshikwa na nikeli mbili kwa wakati mmoja huguswa na elektroni pweke za pande zote mbili, na kupitia ligandi hiyo nikeli hizo huathiriana bila kugusana zenyewe.

Kinachotokea darajani

Wazo kwamba ioni za metali zinaweza kuathiriana kupitia atomi isiyo na usumaku lilitolewa na Kramers mwaka 1934, likafafanuliwa upya na Anderson mwaka 1950. Kanuni za kutabiri mwelekeo wa athari hiyo zilikuja katika miaka ya 1950 kutoka kwa John Goodenough na Junjiro Kanamori. Goodenough ndiye yuleyule aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019 kwa betri za lithiamu, akiwa na miaka 97. Kwa wanaoshughulika na usumaku, jina lake lilikuwa kubwa miongo mingi kabla ya hapo.

Chukua nikeli mbili na oksijeni moja kati yao, zote katika mstari ulionyooka, pembe ya nyuzi 180. Obitali ya nikeli ya kushoto inaelekea obitali ya p ya oksijeni, na ya kulia inaelekea obitali ya p ileile kutoka upande wa pili. Obitali hiyo ya p ina elektroni mbili zenye spini kinyume. Ile inayoegemea kushoto lazima iwe kinyume na elektroni pweke ya nikeli ya kushoto, kwa kuwa kanuni ya Pauli haiziruhusu kushirikiana nafasi zikiwa na spini sawa. Mwenzake, ambaye tayari ni kinyume chake, anaegemea kulia na kuilazimisha nikeli ya kulia kwa njia hiyohiyo. Matokeo yake nikeli mbili huishia na spini zinazopingana. Huo ndio muungano wa antiferomagnetiki. Oksidi ya nikeli, NiO, imejengwa kwa pembe hizo za nyuzi 180, na mpangilio wake wa kupingana hustahimili joto hadi takribani kelvini 523, juu kabisa ya kiwango cha maji kuchemka.

Sasa kunja daraja hadi nyuzi 90. Nikeli ya kushoto inagusana na obitali moja ya p, na ya kulia inagusana na nyingine iliyo wima kwa ya kwanza. Obitali hizo mbili haziingiliani, na njia ya kulazimishana imekatika. Kinachobaki ni nguvu ndogo zaidi: ndani ya atomi moja ya oksijeni, elektroni zilizo katika obitali tofauti hupendelea spini sawa, kama Hund alivyosema. Kupitia hiyo, nikeli mbili hupatana na kuelekea upande mmoja. Huo ni muungano wa feromagnetiki, nao kwa kawaida ni dhaifu kuliko ule wa kwanza.

Molekuli halisi hukaa kati ya hali hizo mbili, karibu zaidi na nyuzi 90. Madaraja ya oksijeni, yawe ya haidroksidi, ya alkoksidi au ya fenoksidi, mara nyingi hutoa pembe kati ya nyuzi 90 na 105. Na kila nikeli ina obitali mbili zenye elektroni pweke, hivyo kati ya nikeli mbili kuna njia nne za kuathiriana, baadhi zikivuta huku na nyingine kule. Tunachopima ni wastani wa njia hizo. Ndiyo sababu mabadiliko ya nyuzi chache tu yanaweza kugeuza ishara ya matokeo.

Mfano bora wa haya ni michemraba ya Ni₄O₄. Kona nne za mchemraba zinakaliwa na nikeli na nne na oksijeni, kwa kupokezana, na kila oksijeni inashika nikeli tatu. Kampaundi za namna hii zimetengenezwa kwa wingi na ligandi za kila aina, mojawapo ikiwa Ni₄(OCH₃)₄(acac)₄(CH₃OH)₄, ambamo asetilasetonati ile ya mwanzo imekutana na methanoli. Ukilinganisha pembe zake na usumaku wake, mpaka unaonekana karibu na nyuzi 98 au 99. Chini ya hapo nikeli hupatana, juu ya hapo hupingana. Michemraba iliyopindika ina nyuso za aina zote mbili ndani ya molekuli moja, na wastani wa pembe zote hautakusaidia kitu. Soma uso mmoja mmoja.

Mpaka huo, hata hivyo, ni wa oksijeni. Ioni ya azidi, nitrojeni tatu katika mstari, ina tabia yake. Ikishika nikeli mbili kwa ncha zake mbili tofauti, muungano huwa wa antiferomagnetiki. Ikizishika zote kwa nitrojeni moja ya mwisho, muungano huwa wa feromagnetiki, hata pembe ikizidi nyuzi 100. Atakayechukua kanuni ya oksijeni na kuipachika kwenye azidi atapata jibu lililo kinyume na ukweli.

Kusoma mchoro bila kudanganyika

Nguvu ya muungano huandikwa kwa herufi J, na hapa pana mtego unaowanasa wengi. Waandishi wengine hutumia kanuni ya nishati H = −2J S₁·S₂, wengine −J S₁·S₂, na wengine huweka alama ya kujumlisha; S₁ na S₂ ni spini za nikeli mbili. Molekuli ileile inaweza kuwa na J ya 10 katika makala moja, 20 katika nyingine, na −20 katika ya tatu, bila yeyote kukosea. Kabla ya kulinganisha namba mbili, tafuta kanuni iliyotumika. Iwapo mwandishi hakuitaja, namba yake haina maana kwako.

Kwa nikeli mbili zenye spini 1 kila moja, jumla inaweza kuwa 0, 1 au 2. Tukitumia kanuni ya kwanza, pengo kati ya hali ya spini 0 na ya spini 1 ni 2J, na kati ya spini 1 na spini 2 ni 4J. Joto ndilo linaloamua molekuli ngapi ziko katika hali ipi. Kwenye kelvini 300 nishati ya joto ni karibu cm⁻¹ 208 (cm⁻¹ ni kipimo cha nishati), kubwa kuliko mapengo mengi ya kampaundi hizi, hivyo nikeli hujiendea kana kwamba hazijuani. Muungano hujitokeza tunapopoza.

Kinachochorwa kwa kawaida ni zao la mwitikio wa sumaku na jotoridi, χT. Nikeli moja huru hutoa kati ya 1.0 na 1.2 katika vipimo vya cm³ K mol⁻¹, kwa hiyo mchemraba wenye nikeli nne huanza na 4 hadi 4.8 kwenye joto la chumba. Ikiwa nikeli zinapingana, mchoro hushuka kuelekea sifuri kadiri baridi inavyozidi. Ikiwa zote zinapatana hadi kufikia spini 4, mchoro hupanda na kupita 10. Mwelekeo huo wa jumla ni ushahidi mzuri.

Sehemu ya mwisho kabisa ya mchoro, chini ya kelvini 20 hivi, ndiyo inayohitaji tahadhari. Hapo χT hushuka karibu kila mara, na wapo wanaokimbilia kutangaza muungano wa antiferomagnetiki. Lakini hata nikeli moja isiyo na mwenzake hushuka hivyo. Mazingira ya majirani sita si makamilifu kamwe, na upotofu mdogo hutenganisha viwango vitatu vya spini 1 hata pasipo uga wa sumaku kutoka nje. Ukubwa wa mpasuko huo huitwa D. D na J dhaifu huacha alama zinazofanana kwenye unga, na kompyuta itakutolea namba nzuri za zote mbili hata kama data haziwezi kuzitenganisha. Ishara ya D iliyopatikana kwa mchoro wa χT pekee siiamini. Inahitajika angalau kupima usumaku kwa nguvu kadhaa za uga kwenye baridi kali, au kutumia resonansi ya spini ya elektroni kwa masafa makubwa ya mamia ya gigahezi. Vifaa vya kawaida vya gigahezi 9 mara nyingi havioni chochote kwa nikeli, kwa kuwa nishati yake ya cm⁻¹ 0.3 ni ndogo kuliko mpasuko wenyewe.

Turudi kidogo kwenye zile nikeli tatu za Ni(acac)₂, kwa sababu zinaonyesha jinsi J moja isivyotosha. Nikeli ya katikati inapatana na kila jirani yake. Lakini zile mbili za mwisho, zilizo mbali, zinapingana kidogo. Majirani wanavuta kuelekea spini 3 ya jumla, na ncha zinajaribu kuharibu. Mvuto wa majirani ni mkubwa, na ncha zinashindwa. Kama ungetumia J moja tu kwa molekuli nzima, ungepata mchoro unaokaribia data bila kufanana nazo, na ule upinzani wa ncha usingeuona kamwe.

Zikiwa nyingi

Mwaka 1993 iligundulika kwamba molekuli yenye manganizi 12 inaweza kushikilia mwelekeo wake wa sumaku kwa muda mrefu kwenye baridi, kila molekuli ikiwa sumaku yake yenyewe. Kizuizi cha nishati kinachouzuia mwelekeo huo usigeuke ni |D|S², na fomula hiyo ilishawishi maabara nyingi kutafuta S, yaani spini ya jumla, iliyo kubwa. Nikeli ilionekana mgombea mzuri. Pete yenye nikeli 12, iliyotengenezwa na kundi la Winpenny na kuelezwa mwaka 1994, ina madaraja yenye pembe zinazofaa, hivyo nikeli zote zinapatana na spini ya jumla inafika 12, kikomo chake. Mwaka 2001 ilithibitishwa kwamba pete hiyo ni sumaku ya molekuli moja. Kizuizi chake, hata hivyo, ni cha kelvini 10 hivi tu.

Sababu iko tena katika umbo. Kila nikeli ina mhimili wake wa D, yaani mwelekeo unaotawala mpasuko wake, na mihimili hiyo haielekei upande mmoja. Ukiijumlisha hufutana kwa sehemu kubwa. S inapanda, D ya molekuli nzima inashuka, na kizuizi kinabaki palepale. Kwa upande mwingine, mwaka 2013 kundi la watafiti lilionyesha kuwa nikeli moja tu, iliyowekwa katika umbo la majirani watano lenye ulinganifu wa pembetatu, inaweza kuwa na D yenye ukubwa unaozidi cm⁻¹ 100. Kwa maoni yangu huo ndio uliokuwa mwisho wa hoja ya kuongeza nikeli kwa matumaini tu.

Nikeli ina kikwazo kingine kisichoepukika. Kila Ni²⁺ huleta elektroni pweke mbili, kwa hiyo spini ya jumla ni namba nzima, ziwe nikeli nne au ishirini na moja. Kwa spini za namba nzima, kanuni za kwanta haziuwekei mwelekeo wa sumaku marufuku kupenya chini ya kizuizi badala ya kukipanda. Mchemraba wa Ni₄ uliochunguzwa na makundi ya Hendrickson, Christou na Hill tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wenye spini 4, ulipendwa kwa sababu hiyohiyo: upenyaji wake ni wa haraka na unaweza kuchunguzwa kwa usafi. Karibu asilimia 99 ya nikeli asilia haina spini ya kiini cha atomi, isotopu ya 61 pekee inayo, hivyo kelele inayotoka kwenye viini ni ndogo.

Mstari wa Ni₃(dpa)₄Cl₂ ni habari nyingine kabisa. Ligandi nne za dipiridilamidi zinajisokota kuzunguka nikeli tatu zilizo angstromu 2.4 hivi (angstromu ni sehemu ya bilioni kumi ya mita) kutoka moja hadi nyingine, karibu zaidi kuliko katika metali ya nikeli yenyewe. Nikeli ya katikati ina majirani wanne wa mraba bapa, kwa hiyo haina usumaku. Zile za mwisho zina jirani wa tano, klorini, na spini zao ni 1. Ungetegemea ile ya katikati iyakate mawasiliano, lakini spini za ncha zinapingana kwa nguvu, pengo kati ya spini 0 na spini 1 likifika takribani cm⁻¹ 200. Obitali zilizolala kwenye mhimili wa mstari ndizo zinazobeba ujumbe kupitia nikeli tulivu. Kundi la Shie-Ming Peng huko Taiwan lilirefusha mstari huo hadi nikeli tano, saba, tisa na zaidi. Ncha zinaendelea kupingana, lakini nguvu hushuka kwa kishindo pindi tu mstari unapofika nikeli tano.

Haya yote yana matumizi mahali ambapo muundo wa atomi haukuwa umejulikana. Kimeng'enya cha ureasi, kinachovunja yurea, kilifanywa fuwele na James Sumner mwaka 1926 kutoka mbegu za mmea wa Canavalia, lakini nikeli ndani yake haikugunduliwa hadi mwaka 1975, na muundo wa atomi ulisubiri hadi mwaka 1995. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1989, Clark na Wilcox walipima usumaku wa kimeng'enya hicho na kukuta dalili za nikeli mbili zinazopingana kwa udhaifu, jambo lililomaanisha kwamba zimekaa karibu na zina daraja. Walipoongeza merkaptoethanoli, kemikali yenye salfa inayokizuia kimeng'enya hicho kufanya kazi, usumaku ulififia sana, kama inavyotarajiwa salfa ikijipachika kati ya nikeli na kuzifunga spini zake kwa nguvu zaidi. Muundo wa ureasi ya bakteria ya Klebsiella ulipotoka, nikeli mbili zilikuwa angstromu 3.5 hivi kutoka moja hadi nyingine, zikishikanishwa na kikundi cha kabamati kutoka kwenye lisini, mojawapo ya amino asidi za kimeng'enya. Na mwaka 1998 Benini na wenzake walichapisha muundo wa ureasi ya bakteria Bacillus pasteurii iliyozuiwa na merkaptoethanoli. Salfa ilikuwa imekaa kati ya nikeli mbili.